Glukosi, Unururifu na Muda katika Historia ya Utambuzi wa Saratani

Katika miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani alibainisha kuwa uvimbe wa saratani hutumia glukosi nyingi kuliko tishu za kawaida. Mwaka 1976 maabara ya Brookhaven, Marekani, ilitengeneza dutu inayofanana na glukosi yenye florini-18, ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia ili kupiga picha za ubongo wa binadamu. Haraka hiyo ilitokana na unururifu wa florini-18, ambao hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Baadaye dutu hiyo ilitumiwa kutafuta uvimbe. Kwa hiyo, tangu mwanzo, fursa ya mgonjwa kupimwa imetegemea pia umbali wake kutoka saiklotroni, mtambo unaozalisha florini hiyo.