Amri na Ulezi Kazini: Mazingatio kutoka Isiolo

Mji wa Isiolo, uliokuwa makao ya utawala wa Mpaka wa Kaskazini zama za Mwingereza, ulikuzwa kwa amri. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliwapa maofisa mamlaka ya kukamata watu na kuzuia mali zao, na hali ya hatari iliyotangazwa baada ya uhuru haikuondolewa kisheria ila mwaka 1991. Hivyo si ajabu kwamba serikali ya kaunti, ilipoanza kazi mwaka 2013, ilirithi pamoja na majengo na makabati ile tabia ya mkubwa kunena na mdogo kutenda. Dai langu ni kwamba msimamizi anayemlea mtumishi wake kikazi, yaani anayemwuliza, akamsikiliza, akamwonyesha, kisha akamwachia kazi mkononi, hupata matokeo bora kuliko yule anayeamrisha tu.

Katika Isiolo hoja hii ina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 268,002 tu. Afisa wa mifugo aliyepelekwa Merti au Garbatulla hukaa siku nyingi peke yake, na agizo lililoandikwa mjini aghalabu humfikia mvua ikiwa imekwisha kunyesha kwingine na mifugo imekwisha kuhama.

Nilishuhudia jambo hili katika zizi moja la chanjo. Mkuu wa idara fulani, ambaye sina haja ya kumtaja, aliagiza kutoka ofisini kwake kwamba mbuzi wachanjwe dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo kuanzia saa tatu asubuhi. Kijana wa mifugo akafika na sanduku lake la barafu, akachanganya dawa saa tatu kamili kama alivyoagizwa, ilhali mbuzi walikuwa wamekwisha kuondoka mapema kufuata malisho, wasirudi ila jua likizama. Chanjo hiyo, ikishachanganywa, hudumu saa chache tu, wala haistahimili joto. Basi ikamwagwa yote. Nilipomwuliza kama hakujua kwamba mbuzi hutoka mapema, alinijibu: "Nilijua, mzee, lakini sikuulizwa."

Msimu uliofuata alikuja msimamizi mwingine, akalala pale pale kijijini, na usiku, kando ya moto, akamwuliza kijana yule yule angeanza saa ngapi, na kwa nini. Kijana alipokosea hesabu ya dozi, hakumnyang'anya daftari, bali alimwachia airudie mpaka ikamkaa. Kazi ikaanza alfajiri, kwa mwanga wa kurunzi, kabla mbuzi hawajafunguliwa.

Wala mwenendo huu si mgeni kwetu. Waborana wa Waso, hapa Isiolo, wana abba herega, mwenye kupanga zamu za kunywesha kisimani, na wazee wa dedha, wanaogawa malisho kuwa ya masika, ya kiangazi na ya akiba ya ukame. Uamuzi wao hutanguliwa na shauri refu. Huko pwani nako, fundi wa jahazi humtia mwanagenzi tezo mkononi, akamwacha achonge ubao huku jicho lake likimfuata.

Watasema wenye haraka kwamba ulezi unakula wakati. Kweli, unakula, na msimamizi yule alitoa usiku mzima kwa kijana mmoja. Ila kijana huyo hakuhitaji kusimamiwa tena. Nakiri pia kwamba iko saa ya amri: homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 2006, kuzuia uchinjaji hakukuwa jambo la kujadiliana. Lakini hata hapo, mtumishi aliyefahamu sababu ya katazo ndiye awezaye kumweleza mchungaji akakubali.

Tanzania ilijaribu kuutibu ugonjwa huu wa kuamrisha tu kwa maandishi. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kilimkataza kiongozi jeuri na dharau, wafanyakazi wakakishika kama ngao, na katika viwanda kadhaa mameneja wakafungiwa nje. Kifungu kile kilisema meneja asiwe nani. Namna ya kumlea mtu kazini hakikuifundisha, nami naona hapo ndipo kilipopungukiwa.

Wakuu wa idara wa Isiolo, nawasihi: kabla ya kuutia sahihi waraka ujao, nendeni mkalale usiku mmoja Merti, Kinna au Oldonyiro pamoja na mtumishi wenu mdogo kabisa, mkamwulize kazi hiyo yeye angeianzaje.