Utumbo Haukupooza, Umekufa Ganzi

Kikaratasi cha ushauri kwa wazazi kimemfikia mwandishi wa makala haya mjini Kakamega. Kichwa chake: "Usimamizi wa Udhaifu wa Utumbo wa Kineurojeniki kwa Watoto". Kimeandikiwa mama anayetoka Shinyalu au Butere na mtoto mgongoni, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa, kidonda kikapona, lakini haja kubwa humtoka bila yeye kujua, au hukaa siku 5 bila kutoka. Mama huyo afanye nini na "kineurojeniki"?

Zipo kamati ambazo zikikutana na neno la Kigiriki huliongezea ki- mwanzoni na -ki mwishoni, zikanywa chai, zikaandika kwenye kumbukumbu kuwa zimetafsiri.

Jina mgongo wazi lenyewe halikuhitaji chai. Wazazi wa Tanzania wamelitia hata katika jina la chama chao, pamoja na kichwa kikubwa, na mzazi wa Kakamega hulielewa mara moja, awe anampeleka mwanawe hospitalini Kijabe au Mbale (ile ya Uganda yenye hospitali ya CURE tangu 2001, si Mbale ya hapa jirani Vihiga). Maneno mawili, na picha nzima imeonekana.

Wapinzani wa kikaratasi nao hawajafanya vyema. Kuna wanaosema "utumbo mvivu", kana kwamba mtoto angejitahidi kidogo angepona. Kuna wanaopenda "utumbo uliopooza", na hawa ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa jina hilo lina mwenyewe: utumbo uliopooza ni ule uliosimama kabisa, tumbo likavimba, mgonjwa akatapika, daktari wa upasuaji akaitwa usiku. Utumbo wa mtoto mwenye mgongo wazi haujasimama. Una neva zake ndani ya kuta zake, nao husukuma chakula, ingawa polepole. Kilichokatika ni mawasiliano na uti wa mgongo, hasa kupitia neva za sakramu (chini kabisa ya mgongo), ya pili hadi ya nne, zinazopeleka habari kwamba choo kimefika na kuuamuru msuli wa njia ya haja ubane au uachie.

Hapa kuna ugomvi wa zamani. Wasomi fulani hulikataa neno mshipa, eti linachanganya: kuna mshipa wa damu, kuna wa fahamu, na mwanamume wa pwani akisema ana mshipa, korodani ndiyo iliyovimba. Wanataka neva. Haya, neva imetoka Kiingereza, nacho kilichota Kilatini, na nervus kwa Warumi ilikuwa kano, hata uzi wa upinde. Neuron ya Wagiriki nayo ilikuwa kano. Asab ya Waarabu ni kano vilevile. Mataifa matatu yalichanganya kama Mswahili alivyochanganya, na hakuna aliyeyacheka. Isitoshe, Mswahili aliongeza fahamu, yaani mshipa wenye kuelewa, jambo ambalo Mrumi hakulifikiria. Na haja, ndugu wa hitaji kwa mzizi mmoja wa Kiarabu, ni shida inayojitangaza. Kwa mtoto huyu haijitangazi.

Ndiyo maana mwandishi anapendekeza, kwa mara ya nne sasa na bila kujibiwa barua hata moja, ganzi ya utumbo. Kila aliyeng'olewa jino anaijua sindano ya ganzi. Kila aliyekalia mguu anajua kufa ganzi. Neno halimlaumu mtoto, wala halisemi utumbo umekufa. Tena linazaa: ganzi ya kibofu ipo tayari. Aina zake mbili nazo zinapata majina: ganzi ya kukaza, msuli ukibana na choo kikikwama, kama baada ya kifua kikuu cha uti wa mgongo au kuanguka kutoka juu ya mti na kuumia uti sehemu za juu, na ganzi ya kulegea, choo kikivuja, ambayo huonekana sana kwenye mgongo wazi.

Matunzo, kwa haraka: ratiba ya choo ya kila siku, mtoto akae kwenye poti kama nusu saa baada ya kula, miguu ikanyage kitu, maji, mrenda, paipai, enema kwa maelekezo ya muuguzi, na glavu zisiwe za lateksi, maana watoto wenye mgongo wazi hupata mzio nayo kwa urahisi.

Mtaalamu mmoja wa viungo alipinga akisema kwamba ganzi huisha, na mama ataketi akingoja iishe. Hoja hiyo, mwandishi anakiri, ni nzito kuliko zote za kamati. Basi iwe ganzi ya kudumu ya utumbo, na kwenye faili iongezwe ya kukaza au ya kulegea. Jumla maneno 7. Kikaratasi kilimaliza 9 kwenye kichwa tu.