Mtu Mkubwa Katika Gari Dogo

Mimi ni mtu mkubwa. Silisemi jambo hili kwa kujivuna wala kwa kulalamika. Nina urefu wa mita 1.93, na katika miaka yangu ya nguvu mizani ya kupimia mahindi pale Dongobesh ilisoma kilo 118. Ukubwa huo ulinifaa shambani, ukanifaa nilipokuwa dereva wa Land Rover katika wilaya za Mbulu na Hanang. Ulinikosesha mahali pamoja tu, nako ni ndani ya gari la mashindano. Habari hiyo ndiyo nataka kumsimulia msomaji, maana sikuwahi kuisimulia yote.

Wazee wa rika langu wanakumbuka kwamba mashindano ya Safari hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Katika miaka ya sitini magari yalifika mpaka kwetu Mbulu, yakipambana na ukingo wa Bonde la Ufa pale Magara, mahali ambapo barabara inapanda kutoka tambarare ya Ziwa Manyara kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Udongo wetu ukinyeshewa hushika kiatu mpaka mtu akatoka pekupeku. Basi asishangae mtu akisikia kwamba mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na kwamba mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 vilevile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake.

Nilikuwa mtoto mdogo nilipoyaona mara ya kwanza. Tulikaa juu ya tuta na ndugu zangu, tumejifunika mashuka, tukingoja tangu usiku. Gari lilipopita lilituoga matope usoni, nasi tukashangilia kana kwamba tumepewa zawadi. Siku ile nikasema moyoni kwamba nami nitaendesha.

Dereva niliyempenda kuliko wote kwa habari zake alikuwa Msweden, Erik Carlsson. Nilimpenda kwa sababu alikuwa pandikizi la mtu, naye aliendesha gari dogo mno, Saab 96, lenye injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja. Kwa gari hilo alishinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Mwaka 1964 alikuja kwetu Afrika Mashariki na mwenzake Gunnar Palm, wakashika nafasi ya pili nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes. Katika safari ile walikwama matopeni. Badala ya kungoja msaada walilisukuma gari ubavuni mpaka likabiringika na kusimama kwenye ardhi ngumu, kisha wakaondoka. Nilipoisikia hadithi hiyo nilicheka sana, nikajiambia kwamba kama jitu lile liliweza kuenea ndani ya kigari kile, basi hata mimi nitaenea popote.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitazama ukubwa wa mwili wake na udogo wa gari, sikujiuliza alikaaje humo ndani.

Mwaka 1988 binamu yangu alipata Datsun kuukuu, tukakubaliana kuingia katika mashindano madogo ya mkoa, wakati huo sisi sote tukiwa bado chini ya Mkoa wa Arusha. Mimi niendeshe, yeye asome ramani. Fundi mmoja akatuchomelea kizimba cha mabomba ndani ya gari, ili likipinduka paa lisitulalie. Nilipoingia nikavaa helmeti, kichwa kikagusa bomba la juu. Magoti yakabana usukani. Mikanda ya mabegani haikufika kiunoni.

Fundi akanitazama akauliza, "Kaka, utaweza kweli hivi?"

Nikamjibu, "Nitaweza, usijali."

Tukatoa sponji yote ya kiti, nikapata nafasi ya vidole viwili juu ya helmeti. Mkanda tukampelekea mshona viatu aurefushe kwa kipande cha turubai. Binamu yangu alisema, "Kaka, tungoje kwanza tutafute kiti kingine." Nikaona haya. Niliona kwamba kusema gari halinitoshi ni sawa na kusema mimi ni mnene, na kwamba vijana wangecheka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi niliuficha.

Siku ya mazoezi tulikuwa tukiteremka Magara. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia katika mfereji uliochimbwa na mvua, gari likalala ubavu wa kushoto. Mwendo haukuwa mkubwa, na kizimba kilifanya kazi yake. Lakini ule mshono wa turubai ulikatika, na kilo zangu 118 zikamwangukia binamu yangu aliyekuwa chini. Mimi nilitoka na uvimbe mahali helmeti ilipogonga bomba. Yeye alivunjika mtulinga na bega. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku ile hakuweza tena kuinua jembe juu ya kichwa, na yule mtu alikuwa mkulima.

Hakunilaumu hata mara moja. Pengine ndiyo sababu jambo hilo halijanitoka.

Baadaye nilianza kusoma na kuwauliza wanaojua, nikagundua kwamba kumweka mtu mkubwa katika gari la mashindano ni elimu yenye taratibu zake. Mwaka 1967, kwa ajili ya mashindano ya Le Mans kule Ufaransa, Ford walikuwa na dereva Mmarekani, Dan Gurney, mrefu kama mimi. Helmeti yake haikuenea chini ya paa. Mafundi waliifanyia paa nundu mahali pa kichwa chake. Gurney na mwenzake A. J. Foyt wakashinda mashindano yale, na nundu ile ikabaki kuitwa kwa jina lake. Paa ndilo lililobadilishwa, naye hakuona haya.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Kwanza hupimwa mtu, akiwa amevaa helmeti, ndipo hupimwa gari. Kiti cha kawaida na reli zake hutolewa, kikawekwa kiti cha ganda gumu kilichofungwa chini karibu na sakafu, kwa sababu nafasi ya kichwa hutafutwa chini, wala haitafutwi kwa kukata kizimba. Kiti kinapaswa kushika nyonga na mabega. Kikiwa chembamba humsukuma mtu mbele, kikiwa kipana humwacha akirushwa huku na huku. Usukani husogezwa kumfuata dereva, hata mgongo ukiwa umegusa kiti kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo klachi ikikanyagwa mpaka mwisho. Mkanda wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni, kwa maana tumbo halina mfupa wa kulikinga. Mikanda ya mabega iende nyuma karibu usawa, maana ikiteremka sana itaukandamiza uti wa mgongo gari likigonga. Na mkanda mfupi haurefushwi kwa mshono; hununuliwa mwingine.

Hata wakubwa wa mchezo huu walichelewa kulitambua jambo hilo. Katika Formula One, kwa miaka mingi dereva mzito alikuwa akiadhibiwa na mizani, na wengine walijinyima chakula ili wapungue. Ni mwaka 2019 tu ndipo ilipowekwa kanuni kwamba dereva pamoja na kiti chake wahesabiwe angalau kilo 80, na aliyepungua aongezewe uzito karibu na kiti.

Leo Magara pana daraja la zege, na sehemu kali za mlima zimemwagiwa zege. Mbulu na Hanang zimekuwa katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002. Binamu yangu alifariki miaka michache iliyopita. Mwaka jana mjukuu wake, kijana mrefu mwenye mabega kama mlango, alinijia hapa Katesh akiwa na picha ya gari alilotaka kuingia nalo mashindanoni.

"Babu, naona linanitosha," akasema.

Nikamtuma akalete helmeti na futi ya kupimia. Tulikwenda mahali gari lilipokuwa, nikamwambia aketi, nikapitisha ngumi yangu kati ya helmeti na bomba. Haikupita.

"Halikutoshi," nikamwambia. "Kiti kiteremshwe kwanza."

Alitaka kubisha. Nikamsimulia bega la babu yake. Akatoka ndani ya gari, akamwomba fundi spana.