Mchuzi wa Kunde na Mbaazi: Historia Yake Katika Ushahidi wa Maneno

Mchuzi wa kunde, wa mbaazi au wa choroko, uliotiwa viungo na kuungwa kwa tui la nazi, ni chakula kinachojulikana katika kila mji wa mwambao, tangu Lamu hata Kilwa. Huliwa kwa wali, kwa ugali na kwa mkate. Na huko Mombasa mbaazi za nazi pamoja na mahamri ni chakula cha asubuhi chenye sifa. Walakini chakula hiki hakikupewa heshima kubwa na waandishi. Huhesabiwa kuwa mboga ya siku ambayo nyama au samaki hakupatikana. Na mtu akiona ndani yake bizari, jira na mdalasini, ni rahisi kwake kulikata shauri kwa neno moja, kwamba upishi huu ni wa kuletwa, kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusudi la makala haya ni kuipima hukumu hiyo kwa ushahidi wa maneno yenyewe, yale yatumikayo jikoni kila siku, na kuonyesha kwamba haisimami.

Mtu atakaye historia ya chakula hukimbilia kwanza vitabu vya wasafiri. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ametuachia maelezo ya chakula alichokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kunde hazitajwi. Wala si ajabu. Msafiri yule alikuwa mgeni wa sultani, na mgeni wa sultani haonyeshwi chungu kilicho jikoni kwa mkulima. Kutotajwa katika kitabu cha mgeni si dalili ya kutokuwako nchini. Basi yatupasa kutafuta mashahidi wengine, nao ni wawili: udongo na lugha.

Ushahidi wa udongo umeongezeka sana katika miaka ya karibuni. Wachimbaji wa mambo ya kale wamejifunza kuziosha na kuzichunguza mbegu zilizoungua mekoni karne nyingi zilizopita. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha mbegu za namna hiyo kutoka mahali pengi pa bara, visiwani, Komoro na Bukini. Katika Komoro, tabaka za karne ya 8 hata ya 10 zilitoa mpunga wa Asia, choroko na pamba. Lakini katika mwambao wa bara na visiwa vilivyo karibu nao, mazao ya wakati ule ule yalikuwa hasa yale ya Afrika: mtama, uwele, wimbi na kunde. Na kunde ni mmea wa Afrika kwa asili. Miongoni mwa mbegu zake za kale zinazojulikana ni zile zilizopatikana katikati ya Ghana, zenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Kwa hiyo, miji ya pwani ilipokuwa ingali vijiji vya udongo na makuti, kunde zilikuwa zimekwisha kuingia chunguni.

Sasa na tuisikilize lugha. Neno lenyewe, kunde, ni la Kibantu. Wataalamu wa Kibantu cha kale wamelirudisha shina lake katika lugha mama, na uzito wake katika Kiswahili unaonekana kwa jambo hili, kwamba jamii nzima ya mimea ya namna hii, hata ile iliyotoka mbali, twaiita jamii ya kunde, au mikunde. Mwenyeji amewapa wageni jina la ukoo wake. Neno mchuzi nalo ni la urithi huo huo: Wachewa husema msuzi, na Wazulu husema umhluzi. Watu wanaokaa mbali namna hiyo na bandari zetu hawakulipata neno hili kwa mabaharia wa Arabuni. Chungu ni ki-ungu, ndugu yake nyungu. Jiko, moto na mwiko havihitaji kuelezwa. Hivyo chombo, moto, kinachopikwa na jina la kilichopikwa, vyote vilikuwako kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga na shehena ya viungo.

Njugu nazo ni za kundi hili la kale. Zile ziitwazo njugu mawe ni mazao ya Afrika, na jina lao ni la Kibantu. Ilipokuja karanga kutoka Amerika, ambayo nayo huzaa chini ya udongo, ilipewa jina hilo hilo kwa kuongezwa sifa, ikawa njugu nyasa. Katika Kikamba neno nzuu, ambalo ni shina lile lile, limehamia kwa mbaazi. Twajifunza hapa kwamba jina la kale laweza kumvaa mgeni, na kanuni hii ni ufunguo wa mambo mengi yafuatayo.

Tuchukue choroko, ambazo huko Unguja na Pemba huitwa chooko. Mmea huu asili yake ni Bara Hindi. Mtu angetazamia jina la Kihindi, kama vile jira ilivyokuja na jina lake. Lakini Wakikuyu wana neno thoroko, na Wakamba wana nthooko, na kwa makabila yote mawili maana yake ni kunde. Maneno haya matatu hayawezi kuwekwa pamoja bila ya kuuona udugu wao. Kwa maoni yangu, choroko ni jina la kale la namna ya kunde lililohamishiwa kwa mgeni aliyefanana nazo kwa umbo na kwa upishi. Ikiwa ni hivyo, mkulima wa Pwani hakupokea chakula kigeni mikono mitupu. Alikuwa na mahali pa kukiweka, shambani, chunguni na katika lugha.

Wageni wengine wa jamii hii walifika kwa nyakati mbalimbali. Mbaazi zilitoka Bara Hindi, zikakaa sana hata zikaingia katika methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Adesi zilikuja na jina la Kiarabu. Dengu zilipata soko kubwa zaidi kwa Wahindi waliohamia miji yetu, kwa kuwa wengi miongoni mwao, Wahindu na Wajaini, hawali nyama kwa sababu ya dini, na chakula chao cha kila siku hakikosi nafaka na mikunde. Mahusiano haya ni ya zamani: Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alizikuta bandarini merikebu za Bara Hindi. Wa mwisho kufika ni maharagwe, ambayo asili yake ni Amerika, nayo hayakuweza kujulikana upande huu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Aliyechelewa ndiye aliyeenea kuliko wote, hata leo watu wengi husema maharage kwa mbegu zote za jamii hii.

Tukija kwa viungo, hapana shaka majina mengi ni ya kigeni, wala hatuna haja ya kuficha. Bizari ni neno la Kiarabu lenye maana ya mbegu za kutia ladha. Mdalasini ni la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na maana yake ya asili ni mti wa Uchina. Kitunguu thomu ni Kiarabu. Na wale wasemao kitunguu saumu wasidhani kwamba kina uhusiano na mfungo, kwa kuwa ni sauti tu zilizofananishwa. Giligilani ni Kiarabu, lakini mmea ule ule huitwa dania na watu wa Kenya, na kotmiri na wengine, na majina haya mawili ni ya Bara Hindi. Mmea mmoja una majina matatu kwa njia mbili za biashara.

Walakini hapa yafaa kuangalia jambo ambalo ni rahisi kulipita. Jina la kundi lote, yaani kiungo, si la kigeni hata kidogo. Linatokana na kitenzi kuunga, na maana yake ni kitu kiunganishacho. Ndilo neno tutumialo kwa viungo vya mwili. Mpishi wa Pwani alipoletewa mbegu na magome yenye harufu nzuri hakuazima neno la kuyaainisha. Aliyatia katika kazi aliyokuwa akiijua, kazi ya kuunga mchuzi, akayahesabu kwa kazi hiyo. Vitu vilikuja na majina yao, lakini fikira iliyovipanga ni ya wenyeji.

Tena jina la kigeni si cheti cha tarehe. Pilipili ni mfano ulio wazi. Neno hili ni la zamani, nalo lilitoka Bara Hindi kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, likihusu pilipili manga. Pilipili za kuwasha, nyekundu na za kijani, ni mimea ya Amerika, na zilikuja baada ya 1492 zikalichukua jina lililokuwako. Basi mtu akikuta neno pilipili katika maandishi ya kale asidhani ni ile iliyomo katika mchuzi wa leo. Hata sifa hubadilika: pilipili hoho katika kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni ile ikaliayo ulimi, na leo kwa watu wengi ni ile kubwa isiyowasha. Dengu za Tanzania si ndengu za Nairobi, ambazo ni choroko, na choroko hizo hizo huitwa pojo huko Mombasa. Mwandishi wa kamusi atakayetosheka kuandika ‘aina ya kunde’ hakumweleza msomaji kitu, na mwanahistoria atakayemtegemea atajenga juu ya mchanga.

Sasa tutazame kazi yenyewe ya kupika, kwa kuwa ndani yake mna msamiati usiopatikana kwingineko. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, mbaazi kavu huchambuliwa, huoshwa na kurowekwa. Asubuhi maji yale humwagwa, nazo huinjikwa katika maji mapya zichemke hata ziwe laini. Wapishi wengi hawatii chumvi mapema, wakisema kwamba huzikawiza kuiva. Wakati huo nazi hukunwa kwa mbuzi, na machicha hukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lililo zito, ndilo kasimile, nalo huwekwa kando. Machicha hutiwa maji yakakamuliwa tena; hilo ni tui jepesi, nalo ndilo litangulialo chunguni pamoja na kitunguu, kitunguu thomu, manjano, bizari na pilipili mbichi. Mchuzi ukipungua, na mbaazi zikianza kupondeka, ndipo kasimile hutiwa, na mpishi hukoroga polepole kwa moto mdogo. Maana tui likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji, na mchuzi ukaharibika.

Hesabu vitenzi vya habari hii: kuchambua, kuroweka, kuinjika, kukuna, kukamua, kukoroga, kuunga. Vyote ni Kiswahili cha asili. Mnazi wenyewe si mti wa Afrika kwa asili, bali uliletwa kwa bahari kutoka Asia. Lakini ujuzi wa kuitumia nazi umepata maneno ya nchi, hata chombo cha kuikunia kikaitwa mbuzi. Kwa hiyo, tukipanga ushahidi kwa tabaka kama wafanyavyo wachimbaji, chini kabisa twakuta chungu, moto, kunde, mchuzi na vitenzi vya kazi. Juu yake mazao ya Asia, mengine yakiwa yamevishwa majina ya wenyeji. Kisha viungo na majina yake. Na juu kabisa mazao ya Amerika. Asemaye kwamba upishi huu ni wa kuletwa ametazama tabaka za juu peke yake.

Jambo hili si la kale tu. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa nchini humo, tani 200,000 kwa mwaka, na wakulima wa Tanzania waliokuwa wakilima kwa ajili ya soko lile waliona bei ikianguka vibaya. Zao lililoingia zamani kutoka Bara Hindi lilikuwa limerudi kuwa la kuuzwa huko, na nyumbani halikuwa na wanunuzi wa kutosha kulipokea. Chakula kinachodharauliwa na wenyewe hakina kinga katika siku ya shida. Na pamoja na dharau ya chakula huja upotevu wa maneno. Tui la kopo halihitaji mbuzi wala kifumbu, na mtoto asiyekiona kifumbu hatalijua jina lake, wala hatajua kwamba tui la kwanza lina jina lake peke yake. Wakusanyaji wa msamiati wana kazi ya haraka hapa, nayo ni kuyaandika maneno ya jikoni kwa vinywa vya wapishi, kila mji kwa lahaja yake, pamoja na kitu chenyewe kilichoonekana kwa macho, ili dengu isiandikwe kuwa choroko.

Mtu akiwa bado na shaka juu ya cheo cha chungu hiki katika maisha ya Waswahili, na atazame majina ya rangi. Rangi ya manjano tuliipata kwa kiungo kitiwacho katika mchuzi. Na ilipotafutwa sifa ya rangi ya ngozi, ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe, haikutafutwa kwa dhahabu wala kwa hariri zilizoshushwa na majahazi. Ilichukuliwa kwa yale maji yabakiayo baada ya kunde kuchemka, nasi mpaka leo twamwita mtu huyo maji ya kunde.