Stesheni ya Magogo, Lake Louise

Reli ya Canadian Pacific ilifika katika bonde hili mwaka 1883, ikielekea kuvuka milima ya Rocky. Mwaka mmoja kabla, mwenyeji wa jamii ya Nakoda alimwongoza Tom Wilson, kibarua wa msafara wa wapimaji wa reli, hadi ziwa lililojificha juu msituni. Wanakoda walilijua tangu kale. Kampuni ndiyo iliyopata cha kuuza.

Jengo hili ni la 1910. Stesheni iliyolitangulia, ya enzi kituo kilipoitwa Laggan, imehifadhiwa Heritage Park, Calgary. Tazama kuta: ni magogo mazima. Kampuni tajiri kama ile isingeshindwa kununua matofali. Ilitaka mgeni wa mjini ashuke akijiona yuko porini, japo chumba chenye shuka safi kilikuwa kikimngoja hotelini kando ya ziwa.

Kumfikisha huko ndiko kulikuwa kazi, maana ziwa liko juu ya reli kwa karibu mita 200. Magari ya farasi yalitangulia; mwaka 1912 zikaja tramu ndogo za petroli, zikipanda kwenye reli nyembamba hadi hotelini. Motokaa zilipoenea, tramu zikakoma 1930. Njia yake leo hupitiwa na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Januari 1990 treni ya kawaida ya abiria ya Via Rail iliondolewa kwenye njia hii. Ukumbi wa abiria sasa ni mkahawa, na treni za mizigo bado zinapita nje ya madirisha yake.