Mali ya Ukoo wa Mama na Aya za Mirathi: Mila na Sharia kwa Waislamu wa Minangkabau



Maimamu wengi wameulizwa swali hili, aghalabu siku chache baada ya mazishi, jamaa wakiwa bado wamekaa kwenye jamvi: "Sheikh, hili ni dini au ni mila yetu tu?" Wapo wanaodhani Uislamu ulipoingia katika nchi ulifuta kila ulichokikuta. Wapo pia wanaosema dini na mila zimechanganyika kama maji na maziwa, wala hakuna awezaye kuzitenganisha. Historia haimuungi mkono yeyote kati yao. Mara nyingi kilichotokea ni mabishano marefu, baba hata mjukuu, juu ya wapi mila ikome na sharia ianze. Mfano tutakaouangalia uko mbali nasi, Sumatra ya Magharibi katika nchi ya Indonesia. Lakini watu wake ni Mashafii kama walivyo wengi wa pwani yetu, na Minhaj ya Imam Nawawi inayosomeshwa kwetu inasomeshwa na kwao.

Wenyeji wa huko huitwa Waminangkabau. Katika karne ya 14 nchi yao ilitawaliwa na mfalme wa Kibudha, Adityavarman, ambaye maandishi yake ya mawe yapo hadi leo. Uislamu ulienea baadaye, na katika karne ya 17 ulipata nguvu kwa kazi ya Sheikh Burhanuddin wa Ulakan, mwanafunzi wa Sheikh Abdurrauf wa Singkel. Leo Mminangkabau asiye Mwislamu ni nadra kumkuta. Hata hivyo nasaba yao huhesabiwa kukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba kubwa ya ukoo, yenye paa lililochongoka kama pembe za nyati, pamoja na mashamba ya mpunga, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na msimamizi wake ni mjomba. Mume alikuwa akija kwa mkewe usiku na asubuhi akirudi kufanya kazi katika shamba la mama yake na dada zake.

Hapa pana jambo zuri la kulitaja. Vijana wa kiume hawakuwa na chumba katika nyumba ya mama; walilala pamoja katika nyumba ya wanaume iitwayo surau, ambayo ilikuwepo kabla ya Uislamu. Walimu wa dini hawakuibomoa. Waliingia humo na Qur'ani, na surau ikawa ndiyo madrasa. Mila iliipa dini jengo na wanafunzi, na dini ikaipa surau kazi mpya. Katika jambo kama hili kanuni ya mafaqihi, al-ada muhakkama, yaani ada huzingatiwa katika hukumu, haikupata kipingamizi, kwa kuwa hapakuwa na nassi iliyovunjwa.

Mirathi ni habari nyingine. Mafungu yametajwa waziwazi katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Mtoto wa marehemu ana fungu lake, na mpwa hawezi kuja mbele yake. Je, Mwislamu anayekufa na kuacha shamba likaenda kwa watoto wa dada yake, huku wanawe mwenyewe wapo, hukumu yake ni ipi?

Jaribio la kwanza la kulitatua suala la mila lilikuwa la upanga. Kiasi cha mwaka 1803 mahujaji watatu, Haji Miskin, Haji Sumanik na Haji Piobang, walirejea kutoka Makka wakiwa na ari kubwa ya kuitakasa nchi yao. Likazuka kundi lililoitwa Padri. Walipiga vita kamari, kupiganisha majogoo, tumbaku na tambuu. Vijiji vilichomwa moto, na jamaa wengi wa nyumba ya kifalme ya Pagaruyung wakauawa. Inasimuliwa kwamba mmoja wa viongozi wao, Tuanku Nan Renceh, aliamuru kuuawa kwa mama yake mdogo kwa kosa la kutumia kilichokatazwa. Wazee wa mila walipoelemewa wakamwita Mholanzi, mwaka 1821. Alikuja, na hakuondoka.

Aliyebadilika katika vita hivi ni Tuanku Imam Bonjol, kiongozi mashuhuri kuliko wote wa Padri. Kumbukumbu zake zinaeleza kwamba alituma watu Makka kuuliza hukumu sahihi, na waliporudi alirudisha mali zilizonyang'anywa na akakubali wazee wa mila waamue mambo ya mila. Mwaka 1833 pande mbili ziliungana dhidi ya Wadachi, lakini walikuwa wamechelewa. Bonjol ilianguka mwaka 1837, naye akahamishwa hadi akafia ugenini, karibu na Manado, mwaka 1864. Msemo wa wenyeji kwamba mila imesimama juu ya sharia, na sharia juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu, kwa kawaida huhusishwa na mapatano ya zama hizo. Ni msemo mzuri, ila haukusema shamba ni la nani.

Kazi hiyo ilibaki kwa kalamu. Sheikh Ahmad Khatib al-Minangkabawi (1860–1916), imamu na khatibu wa Kishafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliandika kitabu kizima dhidi ya kuwarithisha ndugu na watoto wa dada ilhali wazazi na watoto wa marehemu wapo. Kwake yeye mali ile ilikuwa ghasbu, mali iliyoporwa, na anayeila anakula haki za mayatima.

Mwanafunzi wake, Haji Abdul Karim Amrullah (1879–1945), baba wa mwanachuoni Hamka, hakumfuata mwalimu hadi mwisho. Hakudai kwamba mila inaweza kufuta aya. Hoja yake ilianzia kwingine: ili mali irithiwe ni lazima kwanza iwe milki ya aliyekufa. Shamba la kale la ukoo, ambalo hakuna aliye hai anayejua lilianza kwa nani, ambalo haliuzwi na ambalo kila mmoja hula mazao tu, halikuwa milki ya mtu yeyote. Akalifananisha na ardhi ya Khaibar aliyoiweka wakfu Sayyidna Umar (R.A.), asili yake ibaki na mapato yake yatumike. Ama alichokichuma mtu kwa jasho lake, hicho ni milki yake kamili, na kikigawiwa kinyume cha faraidhi ni dhuluma.

Mwaka 1952 wazee wa mila na maulamaa walikutana Bukittinggi wakakubaliana juu ya mgawanyo huohuo: mali ya kale ibaki kwa ukoo, chumo ligawiwe kwa sharia. Semina ya mwaka 1968 huko Padang ilithibitisha vivyo hivyo.

Mimi sijaridhika moja kwa moja na qiyasi ya wakfu. Wakfu una nguzo zake, wa kwanza akiwa ni mwenye kuweka wakfu, na hapa hajulikani. Lakini naona Haji Abdul Karim alilipata swali lenyewe, nalo lina faida karibu zaidi na kwetu. Kisiwani Ngazidja, kwa Mashafii wenzetu, kuna ardhi ya manyahuli inayopita kwa wanawake wa ukoo, na huko pia hukumu ya mali hiyo haipatikani mpaka kwanza ijulikane milki ni ya nani.

Hatari kwa Waminangkabau ilibaki kwenye mpaka wenyewe. Mtu hununua shamba kwa fedha zake, akafa, na kizazi kimoja tu baadaye wajomba wanaliita mali ya kale. Baadhi ya akina baba walijikinga kwa kuwapa watoto wao hiba wakiwa hai na mbele ya mashahidi, maana wasia kwa mrithi una kizuizi chake. Siku hizi kuna hati za ardhi. Shamba ambalo halikuwa la mtu linasajiliwa kwa jina la mtu, na mtu huyo anapofariki, wanawe huja kwa kadhi na hati mkononi, na wapwa huja na mashahidi wa ukoo.