Unaacha au Unaachishwa?

Babu zetu wa Busia waliokwenda kulima mashamba ya wazungu hawakuandika barua ya kuacha kazi. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwavisha wanaume kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Tarehe ya kutoka aliiandika bwana. Asipotia sahihi, hupati kazi kwingine. Ukitoroka, ni jinai. Mwanasiasa Harry Thuku alipiga kelele kuhusu mambo hayo, akakamatwa Machi 1922.

Mimi nachapa barua Malaba, na barua za kuacha kazi nimezichapa hadi nazijua kwa moyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Mwajiri naye sharti ampe cheti cha utumishi. Akikataa, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Cheti kinataja kazi, mahali na tarehe. Tabia yako mwajiri halazimiki kuitaja. Kwangu hapo ndipo kipande kilipozikwa, hata kama kwenye vitabu kilifutwa zamani.

Lakini werevu wa waajiri haukuisha. Eneo la Forodha la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza 2014, shehena za Uganda zikawa zinalipiwa ushuru kabla hazijatoka Mombasa, na makarani wengi wa mawakala wa forodha hapa mpakani wakakosa cha kufanya. Wakaja kwangu na maneno waliyopewa na tajiri: "Naacha kazi kwa hiari yangu." Hiari gani, na ofisi yenyewe inafungwa? Anayepunguzwa kazi hudai, kwa kifungu cha 40 cha Sheria hiyo ya Ajira, mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Anayejiuzulu hana dai hilo.

"Mwanangu, unaacha au unaachishwa?" nilimuuliza mmoja.

"Mama, we chapa tu, nina karo ya watoto."

Nilichapa, ila "kwa hiari yangu" nikaiacha nje, naye akaisoma, akanyamaza, akalipa. Nikampa nakala mbili: moja ya tajiri, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na arudi nayo nyumbani.